Molekuli ya Mkono wa Kushoto

Simu ilitetemeka saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

"Kunguru ametua. Funga mwavuli."

Maana yake: mzigo umepita vipimo, acha kazi, rudi ofisini.

Mpelelezi Mwiba alikuwa mlangoni mwa maabara ya bohari ya dawa, bastola ya Glock kiunoni chini ya koti jeupe. Wiki tatu alikuwa akimwinda Kipara, mfanyamagendo wa dawa bandia. Sasa Kipara alikuwa ndani, anacheka. Saa nne kamili, dozi zake elfu nne za kuzuia mama asivuje damu anapojifungua zingepelekwa hospitali. Wodi ya kwanza kuzipokea ndiyo aliyolazwa mdogo wake Mwiba, mwenye uchungu tangu alfajiri.

"Mwavuli haufungiki, Mkuu."

"Hiyo ni amri."

"Nimeisikia."

Akakata simu, akaingia.

Mkemia wa maabara alimgeuzia skrini ya kompyuta. "Jionee mwenyewe, dada. Molekuli ya kijani ni ya dawa halisi, nyekundu imetoka kwenye mzigo. Programu imezilaza moja juu ya nyingine, atomi kwa atomi. Tofauti sifuri."

"Huyu anatafuta mchawi tu," Kipara akasema.

Mwiba aliinamia skrini. Pembeni palikuwa na kisanduku kidogo chenye tiki.

"Hiki ni cha nini?"

"Kugeuza kama kwenye kioo. Huwa nakiacha hivyo, kazi inaenda haraka."

"Kwa hiyo molekuli isipolingana, programu inaigeuza mpaka ilingane?"

Mkemia aliisogelea skrini.

"Toa tiki."

"Muhuri umeshapigwa," Kipara akasema. Hakuwa anacheka tena.

"Muhuri hauzuii damu. Kaka, jaribu kuvaa glovu ya kushoto mkono wa kulia. Toa tiki."

Mkemia akabonyeza.

Tofauti ikaruka kutoka sifuri hadi 1.87.

Mikono ya molekuli nyekundu ilichomoza nje ya ile ya kijani, huku na huku. Mkemia akajishika kichwa. "Ni ya kushoto. Mwilini haishiki popote. Mama angedungwa, na damu ingeendelea kutoka. Mimi ndiye niliyeipitisha."

Kipara akachomoa bastola.

Mwiba alikuwa ameshakipiga teke kiti cha magurudumu. Kikamgonga Kipara magotini. Risasi ikapasua taa ya dari. Sekunde mbili baadaye Kipara alikuwa kifudifudi, pingu mikononi, goti la Mwiba mgongoni.

Mwiba akainua redio. "Lango kuu, hakuna gari linalotoka. Waambieni wodi watumie akiba ya zamani."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Simu ikaita. Mkuu.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna." Alimkabidhi Kipara kwa walinzi wa bohari waliokuja mbio, akavua koti jeupe, akashuka ngazi bila haraka. "Naenda wodini, Mkuu. Ukitaka kunifukuza kazi, subiri kwanza mtoto azaliwe."