Kikombe Mbali, Wembe Mmoja

Mimi ni Placida. Nilizaliwa kijijini, karibu na Tukuyu. Sasa naishi ughaibuni, Woolwich, na mume wangu, Lusekelo. Yeye anasafisha ofisi, mimi nahudumia wazee. Asubuhi tunagombania bafu, jioni rimoti.

Mimba yangu ilipofika miezi mitatu, kliniki walinipima damu. Wakaniambia nina homa ya ini aina B. Nilishangaa, maana siumwi popote. Kisha nikaogopa: je, nitamwambukiza mwanangu?

Lusekelo naye, jamani! Kesho yake nikakuta ametenga kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu. Niliumia sana. Nikamwita jirani yetu Aikaeli. Ni mkunga, na mdomo wake hauna breki.

"Shemeji, kikombe umetenga. Na wembe?"

"Upo bafuni."

"Anautumia nani?"

Lusekelo akakuna kichwa. "Sote wawili."

"Makubwa! Kikombe hakina neno. Kuleni pamoja. Virusi hivi hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa."

"Sasa mimi nilivipata wapi?" nikauliza.

"Huenda ulizaliwa navyo, dada. Huenda ni chale. Mlichanjwa kwa wembe wa nani?"

"Wa bibi. Mmoja tu, sisi watoto sita."

"Basi. Vijijini kwetu wenye virusi hivi ni wengi. Hawaumwi, hawapimi, hawajui. Si aibu. Shemeji, kapime. Na mtoto apate chanjo ndani ya saa ishirini na nne tangu azaliwe. Kisha fuateni kila tarehe mtakayopewa."

Lusekelo akapima. Hakuwa navyo, akapata chanjo. Akaniomba radhi, sikumsamehe haraka. Wembe, sasa kila mtu na wake.

Blandina wetu alizaliwa Jumapili asubuhi. Kabla ya jioni alishapata chanjo. Hatukukosa tarehe hata moja, hata siku treni zilipogoma. Alipotimiza mwaka, wakampima damu.

"Hana virusi," muuguzi akasema.

Nililia mbele za watu, na wala sikuona haya.

Siku hiyohiyo nikapiga simu kijijini. Niliwatajia ndugu zangu ugonjwa wangu bila kunong'ona. Wote watano wakaenda kupima. Kaka mmoja alikutwa navyo, sasa anahudhuria kliniki. Wengine wamepata chanjo.

Mama akachukua simu. "Mwanangu," akasema, "umetutoa kimasomaso."