Nilimwita Bakoki, Nikamshuku Mke Wangu

Nina miaka arobaini na saba. Nilikuwa fundi wa plasta hapa Kitale, na ninaposema nilikuwa, namaanisha hivyo. Siku hizi nashinda nje ya nyumba ya kupanga kwenye kiti cha plastiki, nikiangalia wenzangu wakienda kazini na ndoo zao. Nawaandikia ninyi wasomaji wenzangu kwa sababu majirani wamechoka kunisikia, na sitawalaumu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua simenti, nainua mfuko kuona kama umepunguzwa. Mke wangu akichelewa sokoni, nauliza alipitia wapi na alisalimiana na nani. Nilijisifu kwamba hakuna mtu aliyewahi kunidanganya. Kumbe mlango wa nyuma niliuacha wazi kabisa...

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Tulikuwa tumemaliza kupiga plasta duka la mtu pale Misikhu, na nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikingoja mahindi yangu yaive kwa mama mchomaji. Lori la kubeba miwa likatoka upande wa Webuye, likayumba, likaacha barabara. Sikumbuki kugongwa. Nakumbuka tu nikiwa chini, nikiuona mguu wangu wa kulia umelala upande ambao mguu haulali.

Nilipelekwa hospitali moja Bungoma. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika mara mbili, na daktari alisema ungetiwa chuma. Akaniambia pia kwamba baadaye ningehitaji operesheni ya pili, kwa sababu mfupa ulikuwa umechafuka na kulikuwa na hatari ya kuoza. Alisema nisichezee hilo jambo. Hizo pesa za operesheni ya pili zingetoka wapi, kama si kwa bima ya lile lori?

Asubuhi iliyofuata, kabla hata mke wangu hajafika kutoka Kitale, mtu mmoja nadhifu alisimama kando ya kitanda changu. Alikuwa na bahasha ya kaki kwapani. Aliangalia kadi iliyoning'inia juu ya kichwa changu, akaniangalia mimi, kisha akatabasamu.

"Bakoki," akasema. "Pole sana bana. Si mimi na wewe tuliingia mtoni mwaka mmoja?"

Kwa asiyejua, sisi Wabukusu tuliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki. Si jina la utani. Mlipakwa matope ya mto msimu uleule, mkasimama mbele ya kisu msimu uleule, na tangu siku hiyo huyo ni zaidi ya ndugu. Hata watoto wenu hawaoani. Kumwambia bakoki akuonyeshe kitambulisho ni kumtukana. Ni kama kumwambia kwamba hukumbuki ulivyokuwa mwanaume.

Kuna maswali ambayo bakoki huulizana wakikutana. Ulitahiriwa wapi? Nani alikutahiri? Ulisimama na kina nani? Yangenichukua dakika moja tu. Lakini nilikuwa na maumivu, nilikuwa peke yangu, na nilifurahi mno kuitwa hivyo. Mimi ninayepima mifuko ya simenti sikuuliza hata moja!

Alisema anaitwa Wanjala, na kwamba kazi yake ni kusaidia majeruhi kupata haki yao bila kuzungushwa. Angenitafutia abstrakti ya polisi ya kuthibitisha ajali, fomu ya P3 ya kueleza majeraha, kila kitu. Nikampa kitambulisho changu akakipiga picha. Alipotoka, mgonjwa wa kitanda cha pili aliniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni ndugu yangu.

Mchana Nasimiyu akafika. Huyo ndiye mke wangu, mama wa Sifuna na watoto wangu wengine wawili, mshonaji wa nguo pale Kitale. Alilia kidogo, akanifuta uso, kisha akaanza kuuliza mambo. Lori lilikuwa la nani? Namba yake nani ameandika? Baada ya siku mbili alikuja na karatasi ya wakili wa Bungoma, ambaye mwenzake wa chama cha kuweka akiba alimwelekeza. Alinisomea, nikasaini, lakini moyoni nilijiuliza. Mwanamke wa cherehani amejulia wapi mambo ya mawakili?

Nilipomwambia Wanjala, hakukasirika. Alisema nimwache tu Nasimiyu aendelee na wakili wake, naye aendelee kimyakimya, tuone nani atafika kwanza. Niliona hiyo ni busara. Leo naona ni kwa nini hakutaka tukutane watu watatu chumba kimoja.

Nilirudi Kitale na magongo. Miezi ikaanza kupita, na hapo ndipo shaka ilipohamia nyumbani kwangu.

Kila Alhamisi Nasimiyu alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kizuri, akaenda Bungoma. Nikimuuliza kesi imefika wapi, anasema bado, bima wanajibu barua polepole. Bado gani ya kila Alhamisi? Akipigiwa simu alitoka nje, na mimi nikiwa kitandani nilisikia tu, "Ndio, wakili... Sawa, wakili... Hapana, hajui." Hajui nini? Nani hajui?

Siku moja niliona cherehani haipo kwenye kona yake. Aliniambia ameipeleka kutengenezwa. Wiki mbili zikapita bila kurudi. Nilipomuuliza tena, alinijibu kwa mkato kwamba nipone kwanza. Nilikasirika sana. Usiku sikulala, nikapanga kichwani jinsi yeye na huyo wakili wake walivyokuwa wakinicheka.

Wanjala alikuwa akinitembelea mara mojamoja, kila mara Nasimiyu akiwa hayupo. Siku hiyo nilimweleza kuhusu gauni, simu na cherehani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyebeba siri nzito.

"Bakoki, mimi sipendi kuingilia nyumba ya mtu," akasema. "Lakini nimemuona huko Bungoma, ati anacheka na watu wa ofisi. Pesa ikitoka kwa mkono yake, wewe utaonyeshwa nini?"

Maneno machache tu. Lakini yaliniingia kama sindano, kwa sababu nilikuwa nimeshayawaza mwenyewe.

Wiki iliyofuata Wanjala alinijia na karatasi za kampuni ya bima. Zilikuwa za Kiingereza, kurasa tatu, herufi ndogo. Alisema bima wamekubali kulipa haraka, lakini lazima nisaini kabla ya Alhamisi, la sivyo wakili wa mke wangu angezuia. Nilimuuliza kama hii ni sehemu ya malipo au ni yote. Akasema, "Hii ni ya kuanza, ingine inafuata." Alikuwa ameleta watu wawili wa kushuhudia. Nikasaini kurasa zote tatu juu ya meza ambapo cherehani ilikuwa ikikaa.

Pesa zilikuja kweli. Nusu ikabaki kwa Wanjala, ya ofisi, alivyoniambia. Nusu yangu niliituma kwa kaka yangu anayeishi Kabuchai, akaninunulia mitamba wawili na kuwafunga kwake, ili Nasimiyu asijue. Kwa siku chache nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kitale.

Alhamisi iliyofuata Nasimiyu aliporudi kutoka Bungoma, nilikuwa nimemngoja. Mbele ya watoto nilimwita malaya. Nilimwita mwizi. Nilimwambia amechumbiwa na wakili akaolewe huko huko. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Nilitupa nguo zake nje. Akaziokota moja moja, akazikunja, akaenda kwa wazazi wake Misikhu pamoja na kitinda mimba wetu. Sikumwita arudi. Niliona aibu ni yake.

Kabla mwezi haujaisha mguu ulianza kuvimba. Usaha ukatoka pale penye chuma, na harufu ilikuwa ya kunitoa mimi mwenyewe ndani ya nyumba. Kliniki waliniambia ni operesheni ile ya pili, na kwamba siku zimekwenda. Nilimpigia Wanjala kuuliza ile pesa nyingine. Simu iliita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa... na imezimwa mpaka leo.

Basi nikajikokota hadi Bungoma kwa huyo wakili. Sikwenda kuomba msaada. Nilikwenda kuwafumania.

Wakili alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani na sweta la kufuma. Nilisimama na magongo yangu, nikamtajia jina langu. Alinikaribisha kiti. Alipojua mimi ni nani, alivua miwani akafungua faili.

Alinionyesha kila barua ambayo Nasimiyu alikuwa ameleta. Alinionyesha ripoti ya daktari bingwa, iliyoeleza kwamba mguu ulihitaji operesheni nyingine na matibabu ya muda mrefu. Daktari huyo hakufanya bure. Nasimiyu aliuza cherehani yake kumlipa, akamwomba wakili asiniambie, kwa sababu nilikuwa nikipandwa na hasira kila nilipojua ametumia pesa. Hiyo ndiyo "hajui" niliyoisikia kitandani.

Kwa sababu ya ripoti hiyo, bima walikuwa wamekaribia kukubali kulipia operesheni na juu yake fidia ya kunifikisha mahali. Halafu wakamwandikia barua fupi. Mteja wako ameshalipwa, walisema, na amesaini kwamba hatadai tena chochote, sasa wala baadaye.

Nilimuuliza kama haiwezekani kubatilisha. Alisema tunaweza kujaribu, lakini nilisaini kila ukurasa nikiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi wawili, na pesa nikapokea na kuzitumia. Hakunificha. Aliniambia safari ya kesi kama hiyo ni ndefu kuliko mguu wangu ulivyoweza kungoja.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la koridoni. Palikuwa na mzee wa miaka kama sitini na mitano, mkono umefungwa shingoni, na karibu naye kijana ambaye ndevu zilikuwa zinaanza kuota. Walikuwa wakiongea juu ya mtu aliyepotea na karatasi zao.

"Huyo ni bakoki yangu," mzee alikuwa akisema. "Hawezi kunitupa. Wanjala ni mtu ya heshima."

Kijana akamgeukia. "Wanjala gani, babu? Mwenye bahasha? Si huyo ni bakoki yangu mimi?"

Wakatazamana. Mimi nikawatazama wote wawili. Mzee alikuwa ametahiriwa kabla mimi sijazaliwa, na kijana alikuwa ametahiriwa juzi. Mtu mmoja atatahiriwa mara ngapi? Hapo ndipo nilipokumbuka ile kadi juu ya kitanda changu. Umri wangu uliandikwa pale kwa herufi kubwa. Alikuwa amepiga hesabu tu.

Hakuna aliyecheka. Mzee aliuliza kwa sauti ya chini kama na mimi ni mmoja wao. Nikasema ndiyo. Kijana aliinama akaanza kulia, naye mzee akamshika bega kwa ule mkono wake mzima. Tulikwenda polisi sote watatu kuandikisha taarifa. Hadi leo hatujaitwa.

Kaka yangu aliuza wale mitamba kwa haraka na kwa hasara. Pesa hazikutosha kuuokoa mguu. Zilitosha kuukata.

Nasimiyu alisikia, akaja hospitalini na uji kwenye chupa. Tangu nitoke, huja kila Jumamosi kutoka Misikhu. Anachemsha maji, ananiosha kidonda, anafua, anawapikia watoto, halafu jioni anaondoka. Wiki iliyopita nilimwomba arudi nyumbani. Nilimwomba vizuri, hata nililia, mwanaume mzima.

Hakuacha kufunga bandeji. Alisema, "Baba Sifuna, ile pesa nimekusamehea. Lakini vile uliniita mbele ya watoto, hiyo bado naisikia." Akamaliza fundo, akanawa mikono, akachukua mkoba wake akaenda kutafuta gari.

Ndugu zangu, ajali inaweza kumpata yeyote, hata asiyevuka barabara. Mkilala wodini na mgeni akawajia kwa jina tamu, la kanisa, la ukoo au la kisu, muulizeni maswali yote, hata kama mtaonekana mna dharau. Karatasi ya bima msisaini mpaka mtu wa sheria mliyemchagua wenyewe awasomee mpaka mwisho. Hayo ni rahisi, na mtayakumbuka.

Hili la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Ukiona mtu wako anahangaika kwa ajili yako na humwelewi, keti naye umuulize, kisha unyamaze akujibu. Mimi nilimuuliza Nasimiyu kila siku. Sikungoja jibu hata siku moja.