Mkono Uliokataa Kuandika Yemima

"Andika wewe," Patasi alisema, akaisukuma fomu juu ya shuka kana kwamba inaunguza.

"Niandike mimi? Hapa pameandikwa baba."

"Wewe ndiye mwalimu. Mwandiko wako mzuri."

"Na wewe mkate wako unautafuta kwa kitu gani, kama si kwa mwandiko?"

Mtaa mzima ulimjua Patasi kwa mkono wake. Alichonga majina kwenye mawe ya makaburi, herufi zimenyooka kama wanafunzi mstarini, ndiyo maana wakamwita Patasi. Mkewe, mwalimu wa darasa la pili, aliupenda mkono huo kabla hata hajaipenda sura yake, na hakuacha kumkumbusha ili asije akajiona mzuri. Leo mkono wenyewe ulikuwa umejificha mfukoni.

"Mume wangu, nitazame. Alipozaliwa tulikubaliana Jemimah, lenye h mwishoni. Jumatatu ukaja mbio, ukasema hapana, iwe Yemima. Jana ukataka Jemima bila h. Leo hutaki hata moja. Kuna nini?"

"Yote ni jina lilelile la Kiebrania. Si ulisema maana yake njiwa? Njiwa ni njiwa tu."

"Basi chagua njiwa mmoja uandike!"

Karani wa vizazi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwenye ncha ya pua, alikohoa pale mlangoni.

"Samahani, wazazi. Baba ndiye anayejaza na kutia sahihi. Kesho saa nne nafunga daftari la wodi hii. Na jina likishaingia halifutiki kirahisi, kwa hiyo amueni kabisa kama ni y au j, na kama h ipo au haipo. Nimechoka na watu wanaokuja kulia dirishani kwangu."

"Nitakuja kesho," Patasi alisema.

Aliondoka bila kukisogelea kisanduku cha kioo alimolala binti yake mwenye siku tisa na uzito usiofika kilo mbili. Tangu azaliwe hakuwahi kumgusa. Mwalimu alizisikiliza hatua za mumewe mpaka zikapotea mwisho wa ujia.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimenya chungwa kando ya kitanda, alisubiri sekunde tatu tu. Zaidi ya hapo asingeweza, hata angelipwa.

"Mdogo wangu, nikwambie kitu au ninyamaze?"

"Nyamaza."

"Haya, nakwambia. Mwanamume akikataa kuandika jina la mtoto, ujue anahesabu miezi."

"Dada!"

"Mtoto amezaliwa ana miezi saba. Miezi saba nyuma mumeo alikuwa wapi? Hakuwa safarini wiki tano, anachonga majina kwenye kuta za jengo jipya huko mbali?"

"Mimba iliingia kabla hajaondoka. Wewe unajua, mimi najua."

"Mimi najua. Swali ni kama yeye anajua."

Chungwa likaisha. Maneno yakabaki. Mwalimu hakuwa na doa lolote, lakini mtu asiye na doa naye huogopa, tena pengine zaidi, kwa sababu hana la kuungama. Mwaka uliopita walimzika mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliyeishi siku nne. Kama huyu sasa angebaki bila baba, yeye angesimama kwenye nini? Alishika simu, akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Baba mtoto, una shaka na mimi? Niambie tu."

Jibu lilichelewa mpaka maziwa aliyokuwa akiyakamua yakagoma kutoka.

"Nisamehe. Andika unavyopenda wewe. Sitaki litoke mkononi mwangu."

Alilisoma mara sita. Halafu akamwonyesha dada yake, naye dada akachukua chungwa jingine, akaanza kulimenya.

Asubuhi daktari alimpima mtoto, akatabasamu.

"Kilo mbili kamili. Mkimaliza mambo ya karani, mnaweza kwenda nyumbani."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Saa tatu Patasi hakuwa ametokea, simu yake ilikuwa inaita tu. Mwalimu akajifunga kanga kiunoni.

"Dada, kaa na mtoto. Naenda kazini kwake."

"Kwenye yale mawe? Mzazi wa siku kumi?"

"Kama ananiacha, aniache nikiwa nimesimama."

Uwanja wa wachonga mawe ulikuwa nyuma ya hospitali, ukivuka barabara. Hakuwahi kukanyaga humo tangu msiba wa mwaka jana. Patasi mwenyewe ndiye aliyemkataza. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika kila kitu, mabati, ndoo, hata majani ya ua. Mawe yalisimama kwa safu, mengine matupu, mengine na majina nusu.

Na jiwe la kwanza lililomtazama, pale mlangoni, lilikuwa limeandikwa kwa mkono anaoujua:

JEMIMAH.

Alishika ukingo wa mlango, ukamponyoka.

"Mke wangu!" Patasi alitupa nyundo, akamdaka. "Umefuata nini huku? Nani amekuruhusu?"

"Umemchongea... umemchongea mwanangu jiwe?"

"Hapana! Mungu wangu, hapana! Hilo ni la mteja. Kaa chini. Mzee, lete maji!"

Fundi mwenzake, mzee mwembamba waliyemwita Tarakimu, alileta maji kwenye kikombe cha bati na kusimama kando, hajui aweke wapi macho. Mwalimu alikunywa, nusu ikamwagika kifuani.

"Sasa sema," alimwambia mumewe. "Sema mbele ya huyu mzee. Mtoto si wako?"

"Nani kasema?"

"Unahesabu miezi!"

"Miezi?" Patasi alimkodolea macho. "Mimi nahesabu pumzi zake, mwalimu! Nasimama nje ya dirisha la wodi, nahesabu, nikifika mia moja naanza tena. Miezi ya nini?"

"Basi kwa nini hutaki kumwandika?"

Patasi aliketi juu ya jiwe tupu. Vumbi usoni mwake lilianza kupata michirizi.

"Mwanetu wa kwanza nilimwandika mimi kwenye kadi, unakumbuka? Siku ileile aliyozaliwa, nikajidai, herufi za madoido. Baada ya wiki nikaliandika tena jina lilelile, hapa, kwa mkono huuhuu."

"Ulisema jiwe lake alichonga mzee."

"Nilidanganya. Sikutaka mtu mwingine amguse. Na tarehe zake, mke wangu, zile tarehe mbili zilikuwa zinakaribiana mno. Nilipomaliza tarakimu ya mwisho nikaona mkono huu una nuksi. Ukiandika, mtu anaondoka."

Mwalimu alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu mwaka mzima bila kujua amebeba nini.

"Jumatatu ikaja kazi hii ya Jemimah," Patasi aliendelea. "Nikakimbia, nikakwambia Yemima. Juzi asubuhi nikapekua daftari la oda, nikakuta Yemima nimemchonga mwanzoni mwa mwaka huu. Nikakwambia Jemima. Jana asubuhi nikaikuta Jemima nayo. Nimeyachonga yote matatu. Nimpe jina gani mwanangu ambalo sijalizika?"

"Na ndiyo maana ukaniambia niandike mimi."

"Hapa kwetu mteja ndiye anayeliandika jina kwa mkono wake kwenye karatasi, likikosewa ni juu yake. Nikawaza, ukiandika wewe, labda itakuwa salama."

Alikuwa mtu mzima mwenye mabega ya kubeba mawe, na alikuwa anaziogopa herufi. Mwalimu alitaka kumkumbatia, na alitaka pia kumzaba kibao kwa siku zote hizi za hofu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama, akalisogelea lile jiwe, akasoma chini ya jina.

"Umesoma miaka ya huyu?"

"Sisomi tarakimu. Tangu lile jiwe la mwanetu, nachonga herufi naondoka. Za chini anachonga mzee."

"Mzee, huyu Jemimah alikuwa na miaka mingapi?"

Tarakimu hakuhitaji hata kutazama. "Tisini na mmoja. Walikuja wajukuu kumi na kitu hapa, wanabishana na kucheka. Wanasema bibi yao alikuwa anawafukuza kwa fimbo mpaka mwezi uliopita."

"Na Yemima?"

"Sabini na nane."

"Na Jemima?"

Mzee alikuna kidevu. Angeweza kudanganya, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Huyo alikuwa mdogo, mama. Miaka sita."

Patasi aliinamisha kichwa kana kwamba kesi imekwisha na ameshindwa.

"Sikiliza," mwalimu alisema. "Darasani kwangu nina watoto hamsini. Kila jina ninaloita, kuna mtu alishakufa nalo na kuna mtu anacheza nalo nje. Mimi siamini kama herufi inaua, wala kama inaokoa. Lakini kama wewe lazima umuone mtu ukiliandika, basi muone huyu bibi na fimbo yake. Mwanangu ataitwa Jemimah, na h mwishoni, kama ilivyo hapa. Na utaandika wewe."

"Je, mkono ukikataa?"

Kabla mwalimu hajajibu simu ililia, ni dada, na sauti yake ilikuwa juu mno.

"Rudini! Rudini upesi, mtoto..."

Ikakatika.

Walikimbia. Mzazi wa siku kumi na mchonga mawe, hakuna aliyemsubiri mwenzake, barabara wakaivuka huku magari yakiwapigia honi na kuwatukana. Kwenye ngazi Patasi alimpita, akageuka, akamshika mkono, akamvuta. Mwalimu alikuwa anasema neno moja tu, "Hapana, hapana," mpaka mlango wa wodi.

Kilio ndicho kilichowapokea. Kilio kikali, cha hasira, cha mtu aliyenyimwa haki yake.

"Mtoto ana njaa!" dada alisema. "Na karani anafunga daftari. Simu imekufa chaji. Mbona mmekuwa weupe hivyo, mmemwagiwa unga?"

"Dada, siku moja nitakuua," mwalimu alisema, akakaa kitandani, akampakata mwanawe, na kilio kikageuka mguno wa kunyonya.

Karani alikuwa ameshabana daftari kwapani. Alilitazama vumbi lote lile kwenye mashati na kanga, akashusha pumzi, akalifungua tena.

"Jina?"

Patasi alifuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka. Akaishika kalamu. Akaiweka ncha kwenye karatasi, akaiinua, akaiweka tena.

"Nikuandikie, baba?" karani aliuliza, safari hii kwa upole. "Wewe utatia sahihi tu."

Hili mwalimu hakuweza kumfanyia. Alimtazama mumewe akimwangalia mtoto, akiiangalia karatasi, na alijua kwamba kama ataiweka kalamu chini sasa, hataishika tena.

"Hapana," Patasi alisema. "Mtoto ni wangu."

Aliandika. Herufi saba zikatoka zimepinda, kubwa na ndogo, mbaya kuliko za mtoto yeyote wa darasa la pili. Akatia sahihi. Karani akagonga muhuri, akaondoka haraka kabla hawajabadili mawazo.

Mwalimu alimnyooshea mtoto. Patasi alimpokea kwa mikono yote miwili, akamshika mbali kidogo na kifua, halafu karibu, halafu karibu zaidi, mpaka vumbi la shati likampaka shavuni.

"Bado naogopa," alisema.

"Hata mimi naogopa."

"Sasa tutafanyaje?"

Mwalimu alichukua mfuko wa nguo za mtoto, akauning'iniza begani.

"Mbebe vizuri. Twende tukaogopee nyumbani."