Vifuniko Kumi na Kimoja

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mama mmoja alikanyaga ubao uliofukiwa mchanga. Ukavunjika, mguu ukazama katika shimo la majitaka. Kufikia saa nne idara ilikuwa imekuta mashimo kumi na moja ya namna hiyo, vifuniko vya chuma vimeyeyuka, na mwizi ameshapatikana: fundi mkuu, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu. Mkaguzi aliandika kwamba Jumanne vyote vilikuwepo. Jumatano ni fundi aliyekuwa na gari mitaa ile. Barua ya kumfukuza, na miaka thelathini ya kiinua mgongo kwenda na maji, ilingoja sahihi tu.

Mkurugenzi alimpa ofisa wa ramani, waliyemwita Mama Ramani, hadi saa kumi achunguze. Hakubabaika. Watu wana jamaa na marafiki. Ramani ya kompyuta haina.

Fundi alimweleza kwamba Jumatano alifunua kifuniko kimoja tu, akazibua bomba, akakirudisha. Kilikuwepo kweli. Mama Ramani alimhurumia mzee.

Akafungua alama za ukaguzi wa Jumanne kwenye ramani. Kanuni ilikuwa mkaguzi asimame juu ya kifuniko, apige picha, simu iandike mahali alipo. Akishindwa, hujazia ofisini kwa kubofya ramani, bila picha. Simu hukosea hatua moja au mbili kila mara, na alama arobaini na tisa zilikuwa zimekosea hivyo. Kumi na moja zilikaa sawasawa juu ya vifuniko vilivyochorwa, bila kukosea hata hatua. Mama Ramani akacheka peke yake.

Saa tisa walikaa wanne mezani: mkurugenzi, fundi, mkaguzi na Mama Ramani.

“Hizi kumi na moja ulijazia ofisini,” alimwambia mkaguzi.

“Simu iliisha chaji, dada.”

“Sawa, ndugu yangu. Kwenye kifuniko cha tatu simu imekufa, cha nne imefufuka na picha imepiga, cha tano imekufa tena. Na imekufa kwenye vilivyoibwa tu. Jumanne ulijuaje vipi vitakosekana Alhamisi?”

Njia ya mwongo ni fupi. Mkaguzi alikiri: aliving'oa Jumapili, akafunika mashimo kwa mbao na mchanga, akaviuza vifuniko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, apate mabati ya nyumba yake.

“Nilidhani, maadamu unastaafu, watakuacha uende zako kimya kimya,” alimwambia fundi. “Nisamehe, mzee.”

“Kazi hii nilikufundisha mimi,” fundi alisema. “Nilikwambia shimo ukilifungua, huondoki mpaka limefungwa. Yule mama wa asubuhi angekuwa mtoto, leo tungekuwa tunazika.”

Mkurugenzi alichana barua, akaanza kuomba radhi. Mzee hakuingoja. Aliomba funguo za gari, awahi kuziba mashimo kabla watoto hawajatoka shule.