Mistari Tisa na Punda wa Kaluki

Kila Jumamosi asubuhi Mutindi alimwagilia sukumawiki, akawafungulia kuku, kisha akakariri. Mwezi huo alikuwa na mistari tisa ya Kitabu cha Kutoka, sura ya ishirini na tatu, kwa ajili ya shindano la Shule ya Jumapili kanisani kwao karibu na Masii. Mshindi angepewa Biblia mpya yenye zipu. Mutindi aliitamani Biblia hiyo mpaka akaiota.

Msichana huyu wa gredi ya saba alikuwa na kumbukumbu kali ajabu. Shida ilikuwa daftari lake. Mwalimu Jeremiah wa Shule ya Jumapili aliwaagiza wanafunzi wake wanakili kila mstari, kisha wajibu swali moja chini yake: Mstari huu unanitaka nifanye nini? Mutindi alikuwa amenakili mistari yote kwa mwandiko wa kupendeza, lakini chini ya kila mmoja pakabaki peupe. Nani angepoteza muda kujibu maswali, na shindano ni la kukariri?

Siku ya shindano alitoka nyumbani saa mbili, daftari kwapani, akitamka neno moja kwa kila hatua. Mto ulikuwa mkavu, kama kila mwezi wa tisa, na watu walichota maji kwenye visima walivyochimba mchangani. Alipofika hapo alishtuka. Ukingo wa kisima kimoja ulikuwa umeporomoka na punda ametumbukia nusu. Miguu ya nyuma ilikuwa imezama kwenye mchanga wenye maji, na mitungi minne iliyojaa ilikuwa bado imefungwa mgongoni. Kaluki, binti wa jirani, alikuwa amemshika kichwa.

"Mutindi! Aki nisaidie!" Kaluki alilia. "Niko peke yangu. Nikifungua mitungi ya huku, ile ya upande ule itamvuta aingie na kichwa!"

Alisema kweli. Kila mtoto wa huko anajua kuwa mzigo wa punda hushushwa na watu wawili, pande zote mbili kwa pamoja.

Lakini punda huyo ndiye aliyevunja ua wao mwaka uliopita akala ndengu za msimu mzima. Nyumba ya akina Kaluki haikuomba msamaha, na tangu hapo watu wa nyumba hizo mbili walipishana njiani bila salamu. Kaluki mwenyewe alikuwa ameapa mbele ya darasa zima kwamba anamchukia Mutindi.

"Nimechelewa," Mutindi alisema bila kumtazama. "Ngojea watu warudi kutoka sokoni."

"Hao watarudi jioni! Atakuwa amekufa!"

Mutindi alikwisha kupanda ng'ambo ya pili, na midomo yake ilikuwa ikiendelea kukariri.

Kanisani aliitwa wa pili. Alisimama wima na mistari ikatoka bila kigugumizi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulimhusu ng'ombe wa adui aliyepotea. Waamuzi wakatikisa vichwa kwa furaha. Akaanza wa tano, unaomwagiza mtu akimwona punda wa anayemchukia ameanguka chini ya mzigo, asimwache, amsaidie. Alipofika kwenye neno "punda", sauti ilikatika.

"Endelea, Mutindi," Mwalimu Jeremiah alimhimiza. "Unaujua."

Maneno yote alikuwa nayo kichwani. Alichokiona mbele yake ni Kaluki, ameshika kichwa cha punda kwa mikono miwili. Aibu ilimchoma. Mwezi mzima alikuwa ameusema mstari ule, na asubuhi hiyo alikuwa ameusema huku akiupita.

"Nimemwona, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Umemwona nani?"

"Punda. Yuko mtoni, kwa kisima cha akina Kaluki. Nimempita."

Watoto waliangua kicheko. Mutindi hakungoja kiishe. Alivua viatu mlangoni akatimua mbio, daftari kwapani, akiomba njia nzima asikute mzoga.

Maji yalikuwa yamefika tumboni mwa punda. Kaluki alikuwa amepiga magoti kisimani, ameegemeza kile kichwa kizito begani.

"Umerudi kufanya nini?" aliuliza kwa uchungu.

"Kushika upande wa pili."

Mafundo yalikuwa yameloa na kukaza. Mutindi aliyafungua kwa meno, mchanga ukimjaa kinywani, ukingo ukimegeka chini ya magoti yake. "Nikisema tatu, tuachilie pamoja," alisema. "Moja, mbili, tatu!" Mitungi ilianguka kwa kishindo huku na huku. Punda hakujongea.

"Amechoka," Kaluki alinong'ona. "Tumechelewa."

"Chimba!"

Walichimba kwa mikono mpaka kucha zikauma. Mara Mwalimu Jeremiah akatokea na vijana watatu, wamebeba kamba. Waliipitisha chini ya tumbo na kuvuta wote kwa pamoja. Punda alitapatapa, akapata pa kukanyaga, akatoka na kusimama pale mchangani akitetemeka mwili mzima. Kaluki alimkumbatia shingoni akalia kwa sauti.

"Zile ndengu," alisema baadaye, akijipangusa uso. "Mama alitaka kuja kuomba msamaha. Aliona haya."

"Mwambie aje," Mutindi alijibu. "Nitamwambia mama amngoje na chai."

Kisha akamgeukia mwalimu. "Sasa Biblia atapata nani?"

"Musili, naona. Ndiye anayekufuata kwa kukariri."

Mutindi aliinamisha kichwa. Iliuma, na hakujaribu kuficha.

Mwalimu Jeremiah alichutama mbele yake. "Sikiza, Mutindi. Mwezi mzima umekariri mistari tisa bila kusoma hata mmoja. Leo umesoma mmoja. Neno la Mungu halikukusudiwa likae mdomoni tu. Ukilisoma polepole, ukajiuliza linataka nini kwako, litakuonyesha jirani yako hata yule usiyetaka kumwona. Fanya hivyo kila siku, na usingoje punda azame."

Jioni Mutindi alifungua daftari lililojaa mchanga. Chini ya mstari wa tano, mahali palipokuwa peupe mwezi mzima, aliandika neno moja: Nirudi.