Anwani ya Stoo

Ile kompyuta ya stoo haikuwa hata na waya wa umeme. Ndiyo maana fundi wa mtandao wa hospitali aliona hakuna ubaya kuiazima anwani yake ya mtandao. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuupima mtandao kama mwizi: abishe kila mlango wa kila mashine, aone upi umesahauliwa wazi, na asijulikane ni nani anayebisha. Programu yake ilikuwa na kinyago cha kazi hiyo. Akaweka anwani ya stoo mbele, yake akaificha, akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, stoo ilikuwa imejibu. Chumba kilinuka nywele zinazoungua, na kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na neno moja: NANI?

Simu ikaita. Alikuwa dada yake, aliyekuwa wodini na kichanga chake kilichozaliwa kabla ya siku zake.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "vitanda vya joto vinazimika. Cha tatu hicho. Mtoto wetu yuko cha sita."

"Umeme upo?"

"Upo! Ila kuna kitu kinabisha ukutani, kila kikibisha kitanda kinazimika."

Fundi akaifunga programu, lakini kubisha kukaendelea, sasa akikusikia mwenyewe ukutani, mashine kwa mashine, kwa mpangilio uleule aliouandika yeye asubuhi, ndipo akaelewa kwamba amebisha kwa jina la asiyemjua, na huyo ameamka, anapita kila mlango akimtafuta aliyemwamsha.

Aliogopa. Kisha akapandwa na hasira.

"Unanitafuta mimi halafu unaonea vichanga? Huna haya!"

Akaifungua programu, akakivua kinyago. Akaandika anwani yake mwenyewe, akabisha mlango wa kompyuta ya stoo.

"Ni mimi niliyebisha. Niko hapa. Waache watoto."

Halafu dada yake akaangua kilio simuni. "Vimewaka! Vyote! Umefanya nini?"

"Nimejitambulisha."

Tangu hapo, kila saa sita mchana, kuna kinachobisha kwenye kompyuta yake. Mkuu wake amemsihi abadilishe anwani. Amekataa katakata.

"Nikijificha, atarudi kwa watoto," humjibu.

Harufu ikianza, huvuta kiti, huandika: NIPO.