Lebo Mbili Katika Chupa Moja

Ukumbi wa makumbusho ulijaa wanafunzi waliokuja ziara, na mtafiti mmoja akapita katikati yao na ndoo, buti zake zikichapa tope kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile. Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa akitoka ofisini na mafaili kifuani, ndani ya gauni la manjano lenye vifungo vyeupe. Wakagongana. Ndoo ikamwagika.

"Tafadhali usipanguse, dada," mtafiti alisema. "Huyo kwenye kifungo yuko hai."

Kilikuwa kitu laini, kama harage lililochemshwa. Alipokitia kwenye glasi ya maji ya chumvi, kilifunguka taratibu, minyiri yake myembamba kama kope.

"Kumbe ni ua."

"Ni mnyama. Anaitwa anemoni. Anakaa topeni siku nzima akisubiri chakula kimfikie."

"Basi ni ndugu yangu."

Tangu hapo mtafiti akawa Bwana Tope, na msichana akawa Kifungo. Maji yakipwa kule mlango wa mto, Bwana Tope alimpigia simu kumweleza alichokiona, na Kifungo alimtania kwamba anaowaonea wivu ni wanyama wasio na macho tu. Msichana alimfundisha kuandika kumbukumbu: tarehe, mahali, kina cha tope, aliyekusanya. Akamfundisha na sheria ya idara: lebo ikishaingia kwenye chupa ya mnyama aliyehifadhiwa haitolewi, hata ikiwa na kosa. Sahihisho huandikwa kwenye karatasi ya pili, na zote mbili hukaa pamoja.

Kisha akapatikana anemoni ambaye hakuna aliyemtambua. Aliyempata ni Bwana Tope, baada ya kumtafuta miaka miwili. Kadi ya maelezo ya mnyama huyo ilimfikia Kifungo ikiwa na mwandiko wa mkuu wa idara, naye bila kuuliza akamwandika mkuu kuwa ndiye aliyekusanya. Bwana Tope alipoisoma lebo, aliona jina la mtu asiyewahi kulowesha hata soksi. Akaamini mpenzi wake anajipendekeza kwa wakubwa. Siku tisa hakupokea simu.

Siku ya kumi alikuja kuchukua ndoo yake aondoke kimya. Kifungo hakumbembeleza. Alimsogezea chupa tu. Ndani mlikuwa na lebo ile ile, na nyuma yake karatasi mpya: *Aliyekusanya si aliyetajwa kwanza.* Jina la Bwana Tope likafuata, kisha: *Kosa ni langu, mimi mwandishi,* pamoja na jina lake kamili na tarehe.

Aliisoma mara mbili. Hakuwahi kuona mtu akiliwekea kosa lake saini.

"Ungeitoa ya kwanza. Nani angejua?"

"Mimi."

Bwana Tope akatabasamu. "Kosa moja haliachi mke."

"Mke? Mke wa nani?"

Masikio ya Bwana Tope yalipata moto, lakini hakulirudisha neno.

Jumamosi maji yalipokupwa, Kifungo alizama topeni hadi magotini, gauni la manjano kalipiga fundo kiunoni. Walipata anemoni mmoja, mdogo kama pipi. Bwana Tope alijaza lebo, akaandika jina lake penye *waliokusanya*, akaacha nafasi kando yake. Akampa penseli.

"Ukishaandika haitolewi," alisema. "Nakuuliza kwa maana hiyo."

"Geuka," Kifungo alisema.

Akageuka, akainama kidogo mgongo uwe meza, akahisi kila herufi ya jina la Kifungo ikipita mgongoni, polepole, bila kufutwa.